Binti yangu anasema hana akili

SWALI: Shikamoo shangazi. Binti yangu ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Tangu aanguke hesabu anasema "mimi sina akili", anajifungia chumbani, ukimsemesha anajibu kwa ukali. Namwambia amuige kaka yake aliye Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), ndiyo kwanza ananuna. Siku hizi hata jua la saa nane havui sweta, tunamtania ana malaria. Nifanyeje? Mama, Hombolo.

JIBU: Marahaba mama. Hesabu tutazifikia. Nianze na hilo sweta ulilolitaja kwa utani.

Huenda ni aibu tu ya mwili unaobadilika. Lakini wapo vijana wanaofunika mikono kwa sababu wanajiumiza. Usimvute mkono kuchungulia, wala usimuulize mbele ya wadogo zake. Subiri mkiwa wawili mnachambua mlenda, macho yako yakiwa kwenye majani, ndipo umwambie: "Naona huvui sweta. Kuna wakati unajiumiza?" Kisha nyamaza. Kimya kitakuelemea, usikijaze mawaidha. Muulize pia kama huwa anawaza kufa. Wazazi huogopa kwamba swali hilo litamtia mtoto wazo. Halimtii, linamfungulia njia ya kusema.

Akikiri lolote kati ya hayo, usifoke, usiwapigie mashangazi zake. Usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Mkielekezwa Mirembe, hospitali ya afya ya akili, nendeni. Ule mzaha wetu wa Dodoma wa "utapelekwa Mirembe" ndio unaowafanya wazazi wachelewe. Na kwa kuwa Hombolo ni pa zabibu, dawa za kupulizia mizabibu zifungie kwa kufuli leo, pamoja na vidonge vya nyumbani, ufunguo ukae nao wewe. Binti anaweza pia kupiga 116, simu ya huduma kwa mtoto. Ni bure.

Kama hayo hayapo, angalia wiki mbili. Huzuni ya kijana mara nyingi hutoka kama hasira, ndiyo maana tunaiita utovu wa adabu. Ukali, kujitenga, usingizi kuvurugika na kuacha alivyovipenda vikiendelea karibu kila siku kwa muda huo, apelekwe akaonwe na daktari.

Kaka wa UDOM muondoe kabisa kwenye mazungumzo. Wala usimjibu "una akili sana wewe". Hataamini, na ataona hukumsikiliza. Kaeni na karatasi yake ya mtihani dakika 20, mtenganishe maswali aliyokosea kwa haraka na yale ambayo mada hakuielewa. Mara nyingi tatizo liko nyuma, kwenye hesabu za sehemu (nusu, robo) au namba hasi, na aljebra yote inayumba kwa ajili hiyo. Mada moja kwa wiki, maswali matano kwa siku, basi. Ukimsifu, sifu alichofanya: "umerudia hatua ile mpaka ikatoka."

Umri wake unahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Simu zilale sebuleni, na yako ikiwemo, la sivyo mtagombana kila usiku.