Mvulana ambaye alianguka

SWALI: Binti yangu yuko darasa la tano. Mwalimu wao wa Kiingereza amewapa sentensi mbili: "The boy who fell is crying" na "I went to the market, I bought fish and I came home." Anasema ya kwanza ni changamano na ya pili ni ambatano. Mimi nimeona kinyume, maana ya pili ndiyo ndefu. Nani yuko sahihi? Halafu ile ya kwanza nimemtafsiria hivi: "Mvulana ambaye alianguka analia." Nimepatia?
– Mzazi, Morogoro

JIBU: Mwalimu yuko sahihi, ndugu mzazi. Urefu hauhusiki hata kidogo. Ikate ile sentensi ndefu penye mkato na penye "and": utapata vipande vitatu, na kila kimoja kinajitegemea. Ongeza vingine kumi, ujaze ukurasa, bado ni ambatano, kwa sababu vyote ni vishazi huru vilivyoshikana mikono. Sasa itazame ile fupi. Ukiondoa "who fell", inabaki sentensi nzima: mvulana analia. Lakini "who fell" ukiitoa peke yake haitoi habari yoyote. Inageuka swali, nani alianguka? (Na kwa kweli "who" lilianza kama neno la kuulizia, kazi ya urejeshi, yaani kumrejelea aliyekwisha kutajwa, likapewa baadaye.) Hicho ndicho kishazi tegemezi, na kimoja tu kinatosha kuifanya sentensi iwe changamano. Binti yako akisonga mbele atakutana na aina nyingine, inayochanganya zote mbili, asiiogope.

Ila hiyo tafsiri yako imenigusa pale panaponiuma siku nyingi. Sisemi umekosea sarufi. Hujakosea. Lakini kwa nini "mvulana ambaye alianguka", wakati Kiswahili kimekupa "mvulana aliyeanguka"?

Hebu tulifungue hilo neno: a-li-ye-anguka. Mtenda yumo, wakati umo, kirejeshi kimo, tendo limo. Kishazi tegemezi kizima kimekaa ndani ya neno moja. Kiingereza hakina uwezo huo. Lazima kisimamishe "who" mlangoni ndipo kishazi kiingie. Basi anayetafsiri neno kwa neno akikutana na "who" anaweka ambaye, "which" ambacho, "that" ambayo. Magazeti yakaiga, redio ikaiga, na leo mwanafunzi anaamini kwamba bila amba- hakuna sentensi changamano.

Juzi nimesimama ofisi moja mbele ya tangazo: "Wateja ambao wana kadi wapange foleni hii na wateja ambao hawana kadi wapange foleni ile." Nimehesabu maneno kumi na tano. Mzee aliyekuwa mbele yangu alilisoma mara mbili, kisha akamgeukia mlinzi kumwuliza aende wapi. Mlinzi akamjibu: "Wenye kadi huku, wasio na kadi kule." Maneno saba, na mzee akaenda moja kwa moja kwenye foleni yake. Mlinzi hakuwa na muda wa kutafsiri kitu, alisema Kiswahili.

Jaribu kuzivisha methali zetu vazi hilo. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu" iwe "mtu ambaye hasikii la mkuu huvunjika guu." "Aliye juu mngoje chini" iwe "mtu ambaye yuko juu mngoje chini." Maana imebaki, lakini methali imekufa. Zisemee kwa sauti mwenyewe, sikio litakwambia.

Amba- yenyewe si mgeni. Imetoka kwenye kitenzi cha kale kuamba, yaani kusema, ambacho mtoto wake kuambia tunaye mpaka leo. Na ina kazi yake halali. Kirejeshi cha ndani ya kitenzi hukubali -li-, -na-, -taka- na kikanushi -si-: aliyekuja, anayekuja, atakayekuja, asiyekuja. Hakikubali -me-, -ja-, -nge- wala hu-. Kwa hiyo "mpangaji ambaye hajalipa" ni Kiswahili safi. Usijaribu kukwepa kwa kusema "mpangaji asiyelipa", maana huyo ana tabia ya kutolipa, na yule wa kwanza huenda atalipa jioni.

Iko sehemu nyingine ambapo amba- inatuokoa. Kirejeshi cha ndani hupenda kumweka mtenda nyuma ya kitenzi: kitabu alichonunua Juma. Hapo hakuna shaka, kitabu hakiwezi kumnunua mtu. Lakini "mwalimu aliyemwita mwanafunzi", nani kamwita nani? Huenda mwalimu ndiye aliyeita, huenda ndiye aliyeitwa. Ukisema "mwalimu ambaye mwanafunzi alimwita", utata umekwisha. Mahali kama hapo naipokea amba- kwa mikono miwili. Ninachokataa ni kuitumia kila mahali kwa sababu tu Kiingereza kimeweka neno hapo.

Basi mwandikie binti yako: "Mvulana aliyeanguka analia." Maneno matatu tu, na ni changamano kamili. Mwambie aoneshe kishazi tegemezi kiko wapi. Akikigusa kwa kidole kimoja, ameelewa.

Ile ya pili nayo msije mkaitafsiri "nilikwenda sokoni na nilinunua samaki na nilirudi nyumbani." Tuna -ka-, inayobeba mfuatano wa matukio bila kuomba msaada wa "na": nilikwenda sokoni, nikanunua samaki, nikarudi nyumbani.