Umepangiwa kazi mkoa usio wako? Ya lugha uyajue mapema

Ajira za serikali zikishatoka tu simu yangu haitulii, vijana wananiuliza kaka nimepangiwa Meatu, kaka mimi Kakonko, watu wa huko wakoje, Kiswahili wanaongea kweli? Wengi wamekulia Dar au Moro na hawajawahi kukaa sehemu ambayo sokoni bei inatajwa kwa lugha wasiyoijua. Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe, ni tabibu, kazi nimeanzia zahanati ya kijijini Usukuma na nikaoa hukohuko, kwahiyo nikiulizwa hivo huwa najibu kwa urefu mpaka mtu anachoka. Leo naandika ili nikishaulizwa tena niwe natuma hii tu.

Kiswahili wanaongea, ndio. Nchi ina makabila zaidi ya 120 na popote utakapoangukia utaomba maji utapewa, utauliza njia utaelekezwa. Ila kujua Kiswahili ni jambo moja na kukitumia mkiwa wote pamoja ni jambo lingine kabisa. Watu nane mmekaa, saba wanajua lugha ya pale, wewe hujui, wale saba hakuna sheria inayowalazimisha waache lugha yao iliyo tamu mdomoni waongee Kiswahili kwa ajili yako peke yako. Wakifanya hivyo wamekuheshimu. Kwa nilivyoona mimi umoja wa hii nchi umekaa hapo, kwenye wengi kukubali kujinyima kidogo kwa ajili ya mmoja, kila siku, bila mtu kuwapigia makofi.

Sasa kumbuka na wewe kuna siku utakuwa kwenye wale wengi. Na kama ni mtoa huduma, kuna siku Kiswahili chako ndo kitakuwa ukuta. Zahanati anaingia bibi, hakupata shule, maisha yake yote ni shamba na ng'ombe, unamuuliza swali anaitikia "ee", unamuuliza lingine "ee", unamwandikia dawa unampa mfuko umeandikwa 1x3, unamwambia kutwa mara tatu bibi, anaitikia "ee" anaondoka. Usidanganyike na hiyo ee! Mwambie akurudishie mwenyewe atakunywaje, asubuhi ngapi, mchana ngapi, jioni ngapi, hapohapo utajua kama mmeelewana. Halafu usimtumie mjukuu aliyemsindikiza kama mkalimani kwenye kila kitu, mama mtu mzima hawezi kutaja shida za uzazi au za haja mbele ya mtoto wa darasa la tano, atakwambia kichwa kinauma na atarudi nyumbani na ugonjwa wake. Muite mhudumu wa afya wa jamii, mtu mzima mwenzake, ikiwezekana mwanamke, na umkumbushe kwamba ya humo ndani yaishie humo ndani.

Jifunze na salamu za pale, kwa Kisukuma ni mwangaluka ya asubuhi, mwadila ya mchana, wabeja ukipewa kitu. Hazitakufanya uwe Msukuma ila watu watajua na wewe umejinyima kidogo, na baada ya hapo Kiswahili chao nao wanakitoa kwa moyo.

Kuna vijana wanadhani hii hali ya sisi kuongea pamoja ilijileta yenyewe tu. Hapana bana. Fikiria wazee wetu wangesema lugha ya taifa iwe Kisukuma kwa vile Wasukuma ndo wengi kuliko wote, sisi Wazaramo tungekubali? Wachaga wangekubali? Wahaya ndo usiseme. Kiswahili kilipita kwa sababu kilikuwa si mali ya kabila lolote kubwa la bara, kilishatembea na misafara ya biashara, Wajerumani wakakitumia kwenye utawala, na TANU ilipoanza 1954 viongozi wakawa wanazunguka mikoani wanahutubia kwa lugha hiyohiyo. Ikasaidia pia kwamba Nyerere mwenyewe alikuwa Mzanaki, kabila dogo, hakuna ambaye angesema anatuletea lugha ya kwao. 1967 serikali ikasema shughuli zake ziende kwa Kiswahili, BAKITA, baraza la Kiswahili la taifa, ikaundwa mwaka huohuo, shule za msingi zikafundisha kwa Kiswahili, na huku kuna JKT na shule za bweni ambako mtoto wa Bukoba anajikuta kitanda cha juu na wa Mtwara cha chini, wataongea nini sasa kama sio Kiswahili.

Na msisahau ngumbaru, yale madarasa ya watu wazima. Baba mkwe wangu kusoma kajifunzia huko akiwa ana watoto tayari, mpaka leo ukimkuta na gazeti anasoma kwa sauti kama anamsomea mtu. Ile kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 ilikuwa ni redio na vikundi, watu wanakaa wanasikiliza kipindi kwa Kiswahili, wanajadiliana, halafu wanaenda kuchimba choo, na inasemekana walishiriki watu kama milioni 2. Mimi kama mtu wa afya hii naipenda kuliko hotuba zote, maana lugha ilitumika kuchimba vyoo. Na walioachwa nyuma enzi hizo, hasa kina mama wa vijijini, ndo haohao nawapata leo kwenye benchi wanaitikia ee.

Haya turudi kwenye kazi. Ofisini ukikuta wawili wa kabila moja wanachapa kilugha mbele yako usianze kuwaza wanakusema, mara nyingi wanaongelea mvua na msiba wa kwao. Waambie kwa utani tu jamani na mimi nipo, watageuka. Ila kama kinachoongelewa ni kazi, zamu, posho, mgonjwa, hapo utani weka pembeni, omba iwe Kiswahili na muhtasari uandikwe kwa Kiswahili, maana maneno ya ukabila kazini huwa yanaanzia kwenye posho iliyopangwa kwa lugha ambayo mmoja haijui, hata kama iligawiwa kwa haki. Grupu la wasap la kazini vivyo hivyo. Na ukija kuwa bosi na umezungukwa na watu wa kwenu basi jichunge mara mbili, wewe ukitania na mhudumu kwa kilugha unajiona mcheshi, wengine wanaona kuna watoto wa ndani na wa nje.

Utani wenyewe usiuogope, ni mtaji. Wanyamwezi na Wasukuma ni watani zetu Wazaramo tangu enzi za misafara ya kwenda Pwani, kwahiyo mimi nilipokelewa kwa matusi ya kirafiki tangu siku naripoti, nimeitwa mvivu, mla nazi, mtu wa ngoma, na mimi nikarudisha yangu. Msibani kwao naenda kuzuia kaburi mpaka nipewe hela ya soda na hakuna anayekasirika. Uliza mapema kama kabila lako lina utani na la pale, na uwe na uhakika ni utani kweli, maana asiye mtani wako ukimletea hayo msibani utatoka na manundu.

Watu wa Pwani wenzangu, hili ni letu, acheni kusahihisha Kiswahili cha watu. Mtu anasema "nyumba yangu imeibiwa ng'ombe" wewe umeelewa, muulize wangapi! Ukianza kucheka lafudhi ya mtu mbele za watu kesho yake hakuongeleshi, anarudi kwenye lugha yake ambako hachekwi, na hapo ndo umekiua Kiswahili wewe unayejifanya mwenye nacho. Lugha imekuwa ya taifa zima, kila mtu ataiongea na mdomo wa kwao.

Ila pia tusijidanganye kwamba lugha moja inatosha. Rwanda Wahutu, Watutsi na Watwa wote wanaongea Kinyarwanda, wanaelewana neno kwa neno, na 1994 yakatokea yale mauaji ya kimbari. Kenya Kiswahili ni lugha ya taifa na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 waliuawa zaidi ya watu 1,100. Mkiwa na chuki lugha moja itawasaidia kutukanana kwa ufasaha tu, kwahiyo mgao wa ardhi, ajira na haki ukienda kombo Kiswahili hakiwezi kubeba huo mzigo chenyewe. Mtu akikwambia sisi Tanzania tuko salama kwa sababu ya lugha, muulize kijijini kwake wakulima na wafugaji wanaelewana? Wanaongea Kiswahili wote hao.

Na ukuta wa siku hizi wala sio kabila, ni Kingereza. Faili la mgonjwa tunaliandika Kingereza, rufaa Kingereza, mgonjwa amebeba karatasi inayoelezea mwili wake na haelewi hata mstari. Mahakamani sheria ilibadilishwa 2021 lugha iwe Kiswahili, huku kwetu bado, basi wewe angalau mweleze mtu kwa mdomo kilichoandikwa kabla hajanyanyuka.

Wale mnaoniuliza mambo ya kuoa hukohuko, nina mawili. Watoto waacheni mama aongee nao kilugha chake nyumbani, Kiswahili watakiokota mtaani na shuleni hata mkiwafungia ndani. Msiogope watachanganyikiwa. Mimi Kizaramo kiliishia kwa bibi yangu, nasikia maneno mawili matatu ya ngomani basi, Kiswahili kimekimeza chote na hakuna aliyekilazimisha, tuliona tu haina haja. Wanangu angalau wana Kisukuma cha mama yao.

La pili ni mahari. Mshenga wako awe anajua lugha ya ukweni, hilo ni lazima, maana wazee watanong'ona pembeni na ni haki yao. Lakini kabla hamjanyanyuka omba kwa heshima, wazee wangu naomba tuliyokubaliana yatajwe kwa Kiswahili wote tusikie, ng'ombe wangapi, madume wangapi, mitamba mingapi, na kama wengine watalipwa kwa pesa ni kwa bei ya mnada upi, halafu kijana mmoja wa upande wao aandike, mmoja wa upande wenu aandike, na karatasi zote mbili zisomwe palepale.