Usiombe vizimba, hesabu siku

Wiki iliyopita dada mmoja kanitumia meseji. Kahamishiwa kituo cha wanyama cha halmashauri yao, kakuta vizimba 40 na mbwa 71, wengine wamebanana watatu watatu, na swali lake lilikuwa moja tu: "Shikamoo kaka, niombe vizimba vingapi kwenye bajeti?" Nimeisoma ile meseji nikaumia, maana ndo swali nililokuwa nauliza mimi mwaka wangu wa kwanza, na mbaya zaidi nilipewa nilichoomba.

Marahaba dada yangu. Usiombe vizimba.

Mimi niliomba 20. Nilibishana kwenye kikao cha bajeti mpaka diwani mmoja akaniambia mbele za watu kwamba barabara hazipitiki we unawaombea mbwa nyumba, na lile neno bado linanichoma mpaka leo. Lakini vikajengwa, tukazindua, picha zikapigwa. Miezi minne tu vimejaa vyote. Kwa nini? Mbwa wanaingia, hawatoki. Hebu piga hesabu na mimi: ukipokea mbwa 5 kwa siku na kila mmoja akakaa siku 8, ndani utakuwa na 40. Hao hao 5 wakikaa siku 20, unao 100. Getini hajaongezeka hata mmoja, zilizoongezeka ni siku.

Na siku zenyewe zinaliwa na vitu vidogo sana. Muda wa kumsubiri mwenye mbwa umeisha jumatatu, fomu ya kumtoa inataka saini ya mtu anayekuja alhamisi, alhamisi yuko semina. Mwingine kapata mtu wa kumchukua kabisa ila hajahasiwa, daktari wa mifugo yuko kwenye ng'ombe wiki nzima. Mbwa kakaa tu hapo anakula, anabweka, anaanza kuzunguka kizimbani kama kachanganyikiwa, na kila siku anayoongeza ndo nafasi yake ya kuumwa inaongezeka.

Hapo ndo naja kwenye jambo ambalo sijawahi kuliandika.

Ijumaa moja jioni aliletwa mtoto wa mbwa wa kahawia, mguu mmoja wa mbele mweupe. Utaratibu wetu ulikuwa usajili kwanza chanjo baadaye, na aliyekuwa anasajili kashaondoka, so tukamuweka na wenzake mpaka jumatatu. Jumanne asubuhi nilimkuta kainamisha kichwa juu ya bakuli la maji, pua inakaribia kabisa kugusa, hanywi. Amekaa vile vile. Halafu ikaja ile harufu ya kuhara damu, ukishaisikia mara moja huisahau. Parvo, ugonjwa wa kirusi unaoua watoto wa mbwa. Tulipoteza watoto wa mbwa 19 ndani ya siku tisa.

Yule wa kwanza pengine alikuja nayo tayari, chanjo isingemuokoa. Ila wale wengine 18 walikuwa hawajachanjwa vilevile, wengine wana wiki nzima ndani, na chanjo ilikuwepo kwenye friji. Ilikuwepo! Nilikuwa nasubiri fomu zikamilike. Na mopu ilikuwa moja, inatoka kizimba hiki inaingia kile, na ile sabuni ya sakafu yenye harufu nzuri tuliyonunuliwa wala haiui kirusi cha parvo.

Kwa hiyo chanja getini. Kabla ya fomu, kabla ya kumpa namba, kabla ya kila kitu, hata mtoto wa wiki 4, halafu rudia kila baada ya wiki 2 mpaka 3 hadi afikishe angalau wiki 16. Sakafu sugua uchafu wote utoke kwanza maana blichi haifanyi kazi juu ya uchafu, kisha changanya kikombe kimoja cha blichi na vikombe 32 vya maji, iache dakika 10. Anza kusafisha kwa watoto wasioumwa, wagonjwa wa mwisho. Na tafadhali sana, oda ya chanjo ipelekwe manunuzi mapema, mwaka wa fedha ukishafungwa hakuna wa kukusikiliza. Kirusi hicho kinakaa kwenye udongo miezi mingi, hakijui kasma yako imeisha.

Sisi tuliopewa hizi ofisi tuache kujificha nyuma ya utaratibu. Utaratibu tunaandika wenyewe. Mimi wetu nilibadilisha kwa barua ya ukurasa mmoja, barua ambayo ningeweza kuiandika siku yangu ya kwanza kazini.

Sasa hivi kila asubuhi napita na daftari mimi mwenyewe, situmi mtu, nasimama mbele ya kila mnyama nauliza: huyu leo anasubiri nini? Saini? Upasuaji? Picha yake haijabandikwa? Jibu linapewa jina la mtu na linaisha siku hiyo hiyo. Tulikuwa wastani wa siku 31 kwa kila mbwa, leo tuko 11. Vile vizimba 20 nilivyovipigania, sita ni stoo ya chakula, na kikao cha juzi yule yule diwani aliomba atembezwe.

Dada, kesho ukifika anza kizimba cha kwanza, andika tarehe aliyoingia na kinachomkwamisha. Ukimaliza wote 71 nitumie picha ya daftari, tutakaa nalo pamoja.