Jibu: Chevelle SS ya 1970, nifunge tairi za kama kiwandani au radiali?

Mkuu, umesema hiyo Chevelle yako ya Chevrolet unataka kuifunga Polyglas GT, tairi za Goodyear za saizi F70-14, kama zamani, halafu uitembelee kila wikiendi, barabara kuu na mvua humo humo. Nipo Michigan, nafanya kazi gereji, na magari haya yanapita mikononi mwangu kila kiangazi. Chagua moja: sura hiyo ya zamani, au radiali, yaani tairi za kisasa ambazo nyuzi zake zinakatiza moja kwa moja.

Kwa sura hakuna ubishi. Polyglas zinazotengenezwa upya leo zina maandishi meupe yaleyale ubavuni, na jaji wa maonyesho huwa anainama kuyasoma kabla hata hajaangalia injini. Kwa foleni ya barabara ya Woodward hapa Michigan siku ya Dream Cruise, tamasha la magari ya zamani, nazo hazina neno, maana pale watu wanatambaa tu.

Kasheshe ni mwendo. Nyuzi za Polyglas zimepishana mshazari, kama tairi za nailoni za malori ya nyumbani, juu yake ukanda wa nyuzi za kioo. Ikikuta mfereji uliochimbwa na malori kwenye lami, inaufuata. Unavuta usukani kushoto, unarudisha kulia, na hapo barabara imenyooka! Kwenye mvua ndo usiombe. Halafu gari likilala nje usiku wa baridi, sehemu iliyogusa chini inabonyea. Asubuhi unasikia du-du-du mpaka mpira upate moto. Wengi wanakimbilia kufanya balansi, pesa inaenda bure.

Ningekuwa wewe ningetafuta rimu seti mbili: Polyglas za maonyesho, radiali za barabarani. Mfuko ukigoma, chukua radiali zenye sura ya zamani, zipo za maandishi meupe na hata za mstari mwekundu. Saizi ya 225/70R14 kwa kimo inakaribiana sana na F70-14, spidomita haitakudanganya. Hiyo F ni daraja la mzigo, si upana, kwa hiyo muuzaji asikuchanganye.

Ukishafunga radiali, usikubali alaimenti ya kitabu cha 1970. Vile vipimo viliwekwa kwa tairi za mshazari, kasta (mlalo wa mhimili wa usukani kwenda mbele au nyuma) iko karibu na sifuri au hasi kabisa. Radiali inataka kasta chanya zaidi ili usukani urudi wenyewe ukimaliza kona. Mwambie fundi kabla hajaanza, la sivyo utasema tairi mbovu. Na usichanganye aina mbili kwenye ekseli moja, hata kwa kusogeza gari hadi gereji nyingine.

Kuhusu zile Polyglas "orijino kabisa" ulizoonyeshwa mnadani: soma namba ya DOT, ile iliyochapwa ubavuni mwa tairi. Ikiishia na tarakimu tatu za tarehe badala ya nne, zimetoka kiwandani kabla ya 2000, na kama kweli ni Polyglas za enzi hizo, hiyo ni kama miaka 50 ya mpira. Hizo nunua kama unataka za kuonyesha tu, na gari liende kwa trela.