Jibu: Mchezo wa jadi wa Marshfield

Mkuu, umeuliza kama Uingereza bado kuna kijiji kinachoigiza mchezo wake wa jadi. Kipo: Marshfield, Gloucestershire. Kila tarehe 26 Desemba wanaume saba hupita barabara kuu wakirudia mchezo uleule mfupi kituo hadi kituo. Wamejifunika vipande vya magazeti toka utosini hadi miguuni, hata jirani yako humtambui! Mmoja anauawa kwa upanga, anakuja daktari mwenye maneno mengi (huyu ndiye ninayempenda), marehemu anainuka. Mchezo uliwahi kufa karne ya 19. Miaka ya 1930 kasisi wa kijiji alimsikia mtunza bustani wake akighani mistari ya mchezo huo; dada wa kasisi, mtafiti wa mila Violet Alford, akahimiza, ukafufuliwa. Ukienda, fika kabla ya saa 5 asubuhi.