Fomu za InfoPath kwenda Power Apps: jibu langu kwa mwenzetu wa Kakamega

Mkuu, kama nimekuelewa, umeachiwa rundo la fomu za InfoPath (programu ya zamani ya Microsoft ya kutengeneza fomu za kujaza) na aliyekutangulia IT, bosi anataka zote ziwe Power Apps (mfumo mpya zaidi wa Microsoft wa kujitengenezea app), na unauliza kama kuna programu ya kuzigeuza kwa mkupuo. Ya Microsoft haipo. Nilizojaribu za kampuni nyingine zilinichorea sura ya fomu tu. Kanuni zilizomo ndani nilizijenga mwenyewe. Kazi hii nimeifanya hapa Nakuru, kwenye kampuni ya usambazaji yenye depo Kisumu na Kitale, kwa hiyo nakupa nilichokutana nacho.

Tarehe kwanza, maana bosi ataiuliza. InfoPath ilitoka 2003, toleo la mwisho ni la 2013, na Januari 2014 Microsoft walitangaza kwamba halitafuatwa na jingine. Msaada unakoma 14 Julai 2026, na hiyo hiyo ndiyo tarehe waliyoweka ya kuondoa fomu zinazofunguka kwenye kivinjari ndani ya SharePoint Online, ile tovuti ya Microsoft ya kuhifadhi faili na orodha za ofisi. InfoPath iliyosakinishwa kwenye kompyuta haizimwi na tarehe hiyo, ila nadhani watu wako wengi wanajazia kwenye kivinjari.

Neno "zote" mwambie bosi alifute. Fungua kila maktaba ya fomu kwenye SharePoint, panga kwa tarehe ya mwisho kuguswa, uone zipi zina uhai. Kwetu nyingi zilikuwa zimekufa bila mtu kuzililia. Fomu ya kutoa mzigo getini tuliirudisha kwenye kitabu chenye kaboni, na askari wa geti akafurahi kuliko yeyote. Maombi ya likizo yalitosha orodha ya kawaida ya SharePoint na mtiririko mfupi wa idhini kwenye Power Automate, programu ya Microsoft ya kupitisha kazi hatua kwa hatua. Zilizobaki na uzito ni zile zenye pesa: masurufu, madai ya safari, maombi ya LPO (hati ya kuagiza bidhaa). Hizo ndizo zitakazokula muda wako.

Hapo usianze na skrini. Kaa na anayeijaza. Fomu yetu ya madai ya safari ina jedwali linaloongezeka: mstari mmoja kwa kila kituo, Kisumu, Busia, Malaba, na kila mstari una mafuta, chakula na malazi. Nilimwomba mhasibu wetu, mama aliyeikuta ofisi kabla yetu sote, ajaze dai moja mbele yangu polepole. Alipofika mstari wa Busia akatia tiki kwenye "Hoteli imelipwa na ofisi", kisanduku cha malazi kikatoweka, jumla ikashuka. Nikamwuliza, mama, ile 3,500 ya malazi imeenda wapi? "Haijaenda mahali, kijana. Toa tiki uone." Nikatoa, ikarudi vile vile.

Maana yake ni kwamba kuficha kisanduku kwenye InfoPath hakufuti kilichoandikwa. Namba inabaki ndani ya XML, yaani faili la maandishi linalohifadhi kila fomu iliyojazwa, na ni fomula ya jumla inayojua kuiruka. Ukihamisha rekodi za zamani kwa kuchukua safu ya malazi na kuijumlisha, utapata pesa ambazo kampuni haikutoa kamwe, na mkaguzi atakuuliza ziko wapi. Mwongozo wa fomu haukuandika jambo hilo popote. Lilikuwa kichwani mwa yule mama na ndani ya faili la kiolezo.

Kiolezo chenyewe kinafunguka kirahisi. Ni faili la .xsn, ambalo ni kifurushi cha cab, yaani faili nyingi zilizobanwa pamoja kama zip: tengeneza nakala, ibadilishe jina iishie na .cab, utoe vilivyomo. Utakuta manifest.xsf, faili za .xsd za muundo wa data, na .xsl kwa kila mwonekano. Kanuni zimejaa kwenye manifest.xsf na .xsl. Tafuta humo alama ya @, utaona barua pepe zilizopachikwa moja kwa moja. Mimi nilikuta idhini za masurufu bado zinapelekwa kwa meneja aliyestaafu, na karani mmoja ndiye aliyekuwa na nywila ya barua pepe yake. Kila mtu alijua isipokuwa IT.

Upande wa Power Apps, lile jedwali linaloongezeka halina ndugu yake wa moja kwa moja. Tengeneza orodha mbili, kichwa cha dai na mistari yake, ziunganishwe kwa ID ya kichwa. Unahifadhi kichwa kwanza, unapata ID, kisha unaandika mistari kwa ForAll na Patch, fomula za Power Apps za kurudia na kuhifadhi. Mtandao ukikatika katikati, na Kitale ulikuwa unakatika, unabaki na dai lisilo na mistari. Kwa hiyo kichwa kianze na hali ya "Rasimu", kigeuke "Limetumwa" baada ya mistari kuingia, na mtiririko wa idhini usubiri hali hiyo ya pili.

Jingine linalowaumbua watu ni kutafuta. Fomula ambayo SharePoint haiwezi kuitekeleza yenyewe, Power Apps huivutia rekodi 500 za kwanza tu, au 2,000 ukipandisha kikomo hadi mwisho. Mtumiaji haoni kosa lolote, anaona tu dai lake "halipo". Orodha nayo ikizidi rekodi 5,000, mwonekano unaochuja kwa safu isiyo na faharasa (index) unaweza kugoma. Weka faharasa kwenye safu za kuchujia mapema.

Sasa rekodi za zamani, ambazo naona hukuziuliza kabisa. Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inataka hati za kodi zihifadhiwe miaka mitano, na dai la safari ni ushahidi wa matumizi. Juu ya kila XML kuna mstari unaotaja anwani ya kiolezo chake. Hamisha au futa kiolezo, na dai la miaka mitatu nyuma linagoma kufunguka. Kabla ya kugusa chochote, toa PDF ya kila dai lililofungwa wakati fomu bado zinafunguka, uzihifadhi pamoja na XML zake. Kuna wanaopitisha .xsl nje ya InfoPath ili wapate HTML. Hufanya kazi kwa fomu nyepesi, lakini zenye hesabu hutumia vitendakazi ambavyo InfoPath pekee ndiyo inavijua.

Viambatisho, yaani risiti zilizopigwa picha, vimo ndani ya hiyo hiyo XML kama base64, yaani faili lililogeuzwa kuwa herufi. Ukivirudisha kuwa faili bila kukata kitu, faili halifunguki, kwa sababu mbele kuna utangulizi wa baiti 24 na kisha jina la faili. Ruka vyote viwili ndipo uhifadhi. Picha zilizowekwa kwa kisanduku cha picha hazina utangulizi huo, kwa hiyo usizikate.

Kama una watu wa mashambani kule Mumias au Butere wanaojaza bila mtandao, kwa maoni yangu usiwalazimishe Power Apps yenye orodha za SharePoint. KoboToolbox, mfumo wa kukusanya data kwa fomu, inajaza simuni bila bando na kutuma baadaye. Leseni nayo iangalie mapema: orodha za SharePoint kwa kawaida zimo kwenye leseni za ofisi za Microsoft 365, lakini ukigusa Dataverse au SQL Server, hifadhidata kubwa za Microsoft, unalipia zaidi kwa kila mtumiaji.

Siku ya kuhama iwe baada ya kufunga hesabu za mwezi, na fomu ya zamani ifungwe siku hiyo hiyo. Kuziendesha mbili sambamba kunampa dereva nafasi ya kudai Busia mara mbili, na atadai.

Ukikwama kwenye manifest.xsf, bandika kipande hapa tukiangalie, ila futa kwanza majina na barua pepe za watu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu na hao.