Jaji mzuri, ila Jeff analala wapi?

SWALI: Mhariri shikamoo. Juzi nimeangalia muvi ya kizamani ya Hollywood, Judge Priest ya 1934, mambo yanatokea mji mdogo huko Kentucky mwaka 1890. Mimi nimeipenda jamani, jaji mwenyewe hana makuu, anaimba na mpishi wake, anaenda kuvua samaki na Jeff, yule mweusi aliyeletwa kortini kwa kesi ya kuku. Shemeji yangu kanikatisha stimu, eti muvi ya kibaguzi hiyo. Sasa mtu anaishi na weusi vizuri namna ile, ubaguzi uko wapi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Shemeji yako hajakosea, ila na wewe macho yako mazima, huyo jaji aliyeigizwa na Will Rogers kweli ana utu, na ile kesi ya kuku inavyogeuka stori za chambo cha kambare mpaka jaji na mshtakiwa wanaongozana kwenda kuvua, hata mimi nilicheka.

Lakini irudie halafu mfuate Jeff peke yake. Analala wapi? Ana mama, ana mchumba, anadaiwa na nani? Hakuna. Wazungu wa mji ule kila mmoja ana siri yake na mapenzi yake, kesi kubwa ni ya mzungu, Jeff kazi yake ni kujikokota na kung'ung'unika watu wacheke. Na aliyemuigiza, Stepin Fetchit, jina lake halisi Lincoln Perry, hakuwa zoba hata kidogo, alishaandika makala kwenye Chicago Defender, gazeti la weusi. Mpishi naye ni Hattie McDaniel, sauti ile, lakini kila ukimuona yuko kazini kwa watu. Mwaka 1940 huyohuyo akachukua Oscar, mweusi wa kwanza, kwa kuigiza mfanyakazi wa ndani tena kwenye muvi nyingine, na usiku wa tuzo akawekwa meza ya pembeni, mbali na wenzake wa muvi hiyo. (Kabla hatujawasema sana hao, mwangalie dada wa kazi kwenye muvi zetu, anaingia na sinia la juisi, anachapia Kiswahili tucheke, anatoka.)

Kinachoniuma mimi ni pale kortini mwishoni, Jeff yuko nje ya dirisha anapiga Dixie, wimbo wa upande uliopigana utumwa usiondolewe kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe Marekani, na vita yenyewe ina miaka 25 tu tangu iishe! Hebu fikiria mweusi wa 1890 anaupiga ule wimbo kwa furaha ili mzungu ashinde kesi.

Halafu kuna kitu wewe hukukiona kwa sababu hakipo. Director John Ford alipiga sini ya umati unaotaka kumnyonga mweusi na jaji akawazuia, studio wakaikata. Ikitoka hiyo, mji unabaki mtamu, hakuna anayeogopa kitu, na ucheshi wa Jeff unaonekana ndo tabia yake tu.

Ford hakuisahau. Mwaka 1953 akazirudia stori za jaji huyo kwenye The Sun Shines Bright, safari hii umati upo na jaji kasimama mlangoni mwa jela anawakabili. Jeff naye yupo, Stepin Fetchit yuleyule, karibu miaka 20 imepita, bado anamtumikia jaji.